Matuta ya Lushoto

Mombo jua halina huruma. Pale njia panda, mashamba ya mkonge yakitandaa hadi macho yachoke, unapanda Coaster ukiwa umelowa jasho. Kilomita 33 baadaye unatafuta sweta. Barabara inajikunja ubavuni mwa milima ya Usambara, bonde linazidi kuzama chini, na gari likisimama Soni akina mama wanakupitishia dirishani karoti mbichi, bado zina majani yake. Nunua. Karoti ya kule ina utamu ambao ukifika Kariakoo umeshapungua nusu.

Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, wakaja kupumzika mbali na joto la pwani. Wageni wa leo hukimbilia Irente, kwenye ukingo wa jabali, wakapige picha. Mimi nilifuata bustani ya shule moja ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Jina la shule nalihifadhi. Wale watoto hawakuniomba niwatangaze.

"Shikamoo mgeni!" Nikaitikia marahaba huku nasogea kuwapa mikono, na papo hapo sauti ikatoka chini: "Mwalimu, mgeni amekanyaga tuta." Aliyesema alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili, haoni kabisa. Alisikia kiatu changu kikizama kwenye udongo laini, kumbe njia yao imeshindiliwa ngumu makusudi ili mguu ujue ulipo. Niliomba radhi. Akanisamehe, ila shingo upande.

Alikuwa anapanda kabichi. Kamba ya katani imevutwa kati ya vigingi viwili, ina fundo kila baada ya shibiri mbili na ushee. Mkono wa kushoto unafuata kamba hadi kwenye fundo, wa kulia unachimba, unatia samadi kiganja kimoja, unapapasa mche kuanzia jani hadi mzizi, unaufukia. Hakurudia hata shimo moja. Mstari wake ulinyooka kuliko wangu ungenyooka.

Upande wa pili kuna tuta lililoinuliwa kwa mabanzi, kimo cha kiuno, ili anayetumia kiti mwendo aingize magoti chini yake na kupalilia mnavu. Wenye ualbino humaliza zamu mapema, kabla ya saa tatu, wakiwa na kofia pana na mikono mirefu. Binti mwenye usonji humwagilia kwa mpangilio wake: mchaichai kwanza, spinachi mwisho. Siku moja mtu alimharakisha aanze na spinachi, na mchana mzima ukaharibika. "Sasa tunamfuata yeye," mwalimu wake aliniambia. "Na mchaichai haujawahi kunyauka, mama."

Ajabu ni kwamba neno matuta liliwahi kuchukiwa sana milimani huku. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko. Kazi nzito, ya amri, tena wengi waliogopa kwamba ni njia ya kuwanyang'anya ardhi. Katika miaka ya 1950 waligoma, na mpango ukafa. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akisema jembe la kuamriwa halina mpini. Hawa watoto hakuna aliyewaamrisha. Kengele ya mapumziko ililia na nusu yao hawakuinuka.

Mchana tulikula makande na mnavu wa pale pale, jasho la asubuhi likiwa halijakauka. Ukungu ukashuka kutoka msituni, mlima wa mbele ukapotea.

Ukienda Lushoto, Irente nenda, pazuri kweli. Kisha ulizia shule zenye kitengo cha elimu maalumu, ukaombe ruhusa kwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia. Beba pakiti mbili tatu za mbegu, na ukifika bustanini pita njia ngumu.