Shangazi Alikosea Wapi?

Huenda ukashangaa kuona makala kama haya katika jarida letu. Tumezoea kusoma humu juu ya ukataji wa miti, dawa za kulevya na umuhimu wa Kiswahili. Hata mwenzangu mmoja chamani aliniambia, "Wee, hayo si mambo ya kuandikwa na msichana." Nikamwuliza, sasa yaandikwe na nani? Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami naomba uwe na subira nami.

Nataka kuzungumzia saratani ya mlango wa kizazi, ile ambayo huku kwetu hutajwa kwa sauti ya chini kama "kansa ya akina mama". Kila mwaka wanawake zaidi ya 5,000 nchini Kenya hupatikana nayo na zaidi ya 3,000 hufariki. Hizo hesabu zinatisha, lakini sizo zilizonifanya nishike kalamu. Nimeishika kwa sababu ya aibu niliyoiona nyumbani.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa ameolewa upande wa Runyenjes, Embu. Ni mchapa kazi ajabu. Kwa kuchuma majani chai hakuna aliyemshinda. Mnamo 2022 alianza kutokwa na damu siku zisizo zake, kisha majimaji yenye harufu. Zahanati moja ikampa dawa, nyingine ikampa dawa nyingine, miezi ikapita. Alipokuja kupimwa vizuri na kuambiwa ni saratani, mumewe alikuwa ameshahamia chumba kingine. Shangazi alimweleza kama alivyoelezwa na daktari, kwamba huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Jamaa akauliza swali moja tu: "Ulikitoa wapi?" Bonasi ya chai ya mwaka ule shangazi hakuiona hata ndururu. Kabla ya Krismasi alikuwa amerudi kwetu Imenti Kusini kwa matatu, yeye, mfuko mmoja wa nguo na binti yake wa miaka 9.

Mwanamke aliyerudi kwao ana mtihani hata akiwa mzima. Watu watasema amefukuzwa, mahari yatadaiwa, amekuja kunyang'anya ndugu zake shamba. Sasa ongeza ugonjwa juu yake. Jirani mmoja alisema ni Ukimwi. Mwingine alisema ni laana, kuna mwiko alivunja huko alikoolewa. Kanisani alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, amejifunga leso mbili, akihofia kuacha doa. Baadaye aliacha kwenda. Wenzake wa chama walipomletea pesa zake za merigoraundi walisimama nje ya ua, wakasema wana haraka. Na humu nyumbani mwetu, nasema ukweli, alikuwa na kikombe chake cha bluu ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, wala hakuna aliyesema ni kwa nini. Saratani haiambukizwi kwa kikombe. Kirusi chenyewe pia hakipitii huko.

Matibabu yalikuwa Nairobi. Wenyewe husema "kuchomwa", yaani kutibiwa kwa miale, siku 5 kwa juma, kwa majuma 5. Baba aliuza ng'ombe. Shangazi alirudi amekonda, lakini hai, na akiwa ameambiwa kuwa hatazaa tena. Alikuwa na miaka 35. Tangu siku hiyo jirani akijifungua na akina mama wakipanga kwenda kumwona mtoto, yeye hubaki shambani. Nyanya alipomsihi aende alijibu, "Niende niwe natazamwa mimi badala ya mtoto?"

Jioni moja mwaka jana tulikuwa tukichambua maharagwe ya githeri. Yeye huniita "mama" kwa kuwa nilipewa jina la nyanya. Akaniambia, "Mama, wewe ndiwe unasoma. Hebu niambie, mimi nilikosea wapi?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, halafu muuguzi aliyekuja shuleni kutuhutubia. Haya ndiyo niliyoyaelewa. Kirusi hicho huitwa HPV na kina aina zaidi ya 100. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo huleta kama asilimia 70 ya saratani hii. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana, mume kwa mke, hukipata wakati fulani, na kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hujificha kimya miaka 10, 15, hata 20, ndipo saratani itokee. Kwa hiyo mwanamke aliyemjua mumewe peke yake anaweza kuugua, na mume anaweza kuwa alikuwa nacho kabla ya harusi bila habari, kwa maana hakimwumi popote.

Kisha muuguzi akasema jambo ambalo ninalifikiria hadi leo. Mwanamke hupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kutazamwa kama pamegeuka peupe. Kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha kirusi hiki. Loo! Kumbe ushahidi wote hupatikana kwa mke! Ni kama watu wawili wamepita matopeni pamoja, na aliyevaa viatu vyeupe ndiye anayeulizwa ametoka wapi.

Nilimweleza shangazi hayo yote. Aliendelea na maharagwe kwa muda, kisha akasema, "Basi hilo swali lilikuwa letu sote wawili."

Sisi wa rika langu tuna afadhali kidogo. Chanjo ya wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa nchini Oktoba 2019, nami nilikuwa na miaka 10. Nilidungwa. Wengine darasani wazazi wao walikataa, ati itatufanya tasa. (Na mimi nina shangazi ambaye ugonjwa wenyewe ndio uliomzuia kuzaa.) Sindano ya pili ilikuwa ije baada ya miezi 6, lakini Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona na sikuipata. Muuguzi aliniambia nisihofu, kwani mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema hata sindano moja huwakinga wasichana vizuri.

Likizo iliyopita mama na wenzake wawili wa chama walikwenda kupimwa kwa siki. Mama alirudi na kadi yake, akaiweka ndani ya Biblia. Mmoja wa hao wenzake alifika langoni, akamwona shemeji yake ameketi kwenye benchi la wagonjwa, akageuka. Alimwomba mama, akiulizwa, aseme walikuwa wamekwenda kununua mbolea. Shangazi aliposikia alisema atampeleka yeye mwenyewe siku ya Alhamisi. Watapitia njia ya nyuma, ile ya upande wa mto.