Niliiga sauti ya Mwalimu kuficha kosa langu

Nilipokuwa mwenyekiti wa kijiji, niliitumia sauti ya Mwalimu Nyerere kumnyamazisha mama aliyeuliza swali la haki. Naliungama hilo waziwazi.

Sauti ile niliijua tangu ujana. Nilisikiliza hotuba zake redioni katika kipindi cha Wosia wa Baba, na hotuba ya Mei Mosi aliyoitoa Mbeya mwaka 1995 niliishika karibu yote: pale anapolivuta neno, pale anaponyamaza kidogo watu wamsubiri, pale sauti inapopanda ikawa nyembamba, kisha kicheko. Nikajitafutia na kifimbo kama chake. Nikisimama mkutanoni, wazee walifurahi na vijana wakashangilia, nami nikaamini heshima ile ni yangu.

Siku hiyo mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa na ajenda ya mapato na matumizi. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. "Mwanangu mwenyekiti, zile fedha tulizochanga za pampu ya kisima zimefikia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Sehemu ya fedha hizo niliwakirimia wageni kutoka wilayani, bila halmashauri ya kijiji kuidhinisha. Badala ya kusema hivyo, niliinua kifimbo, nikalirudia swali lake kwa sauti ya Mwalimu, neno moja moja, huku nimemtolea macho. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama akaikaza kanga yake kiunoni, akaketi. Ajenda ikapita.

Katika hotuba ile ya Mbeya Mwalimu alikuwa anakemea rushwa. Mimi nikachukua madoido yake kufunika fedha za maji. Mwaka 1962 aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akiwataka wanachama wenzake wakiri makosa na kuyarekebisha. Nilikuwa nacho nyumbani, na nilikuwa nimekisoma.

Mkutano uliofuata nilisoma hesabu yote kwa sauti yangu mwenyewe, nikamwomba mama radhi mbele ya wale waliomcheka. Fedha nilizirudisha baada ya kuuza ng'ombe. Lakini muda wote huo pampu ilikuwa imekaa mbovu, na kina mama walichota maji mtoni. Hilo sikuweza kulirudisha.

Kijana anayetaka kufanana na mkubwa wake simkatazi. Namwomba tu aanze kwa kutoa hesabu anapoulizwa. Sauti na kifimbo vije baadaye, au visije kabisa.