Vibendera Kumi na Viwili

Dutwa ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Zao la biashara lijulikanalo sana huko ni pamba. Mbegu hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinyeshapo, na pamba huchumwa wakati wa kiangazi. Kisha hupelekwa kiwandani kutenganishwa na mbegu zake, hufungwa marobota, na sehemu kubwa huuzwa nchi za ng'ambo. Basi mkulima wa pamba hununua khanga dukani kama mtu mwingine yeyote; lakini huitunza sana, maana ajua kazi iliyomo ndani yake.

Msichana mmoja wa darasa la sita alikaa huko na bibi yake. Siku moja mwalimu aliwaagiza wanafunzi wake kwamba kila mmoja ashone kwa mkono vibendera kumi na viwili vya rangi mbalimbali, kwa ajili ya maonyesho ya kazi za mikono. Msichana akaenda sokoni kwa fundi cherehani, akamwamkia, akaomba vitambaa vilivyobaki chini ya meza. Akapata vya kutosha vibendera kumi na kimoja tu.

Akafanya kazi kwa haraka. Alikata pembetatu kwa kukisia, akashona ukingoni kabisa. Jioni bibi akashika kibendera kimoja, akakivuta polepole, mshono ukaachia. Akavuta cha pili, nacho kikaachia.

"Mjukuu wangu," akasema, "uzi hauna pa kushika. Nguo iliyokatwa hulegea nyuzi zake ukingoni. Fumua vyote, uvikate upya. Vitakuwa vidogo zaidi, lakini vitadumu."

Kisha bibi akafungua sanduku, akatoa khanga ya marehemu mama yake yule msichana. Ilikuwa imefichwa miaka miwili, na panya walikuwa wamekwisha kuitafuna. Kilichobaki kizima kilitosha kibendera kimoja tu.

"Hiki ndicho cha kumi na mbili," akasema.

Msichana akalia. "Bibi, nikikosea je? Hakuna kingine."

"Ndiyo maana utakikata mwisho. Jifunze kwanza kwa vile kumi na kimoja."

Msichana akachora pembetatu juu ya karatasi ngumu, upana wa juu sentimeta 20, akaongeza sentimeta 1 kila upande kwa ajili ya mshono. Akaikata karatasi ile, akailaza juu ya nguo, akaizungushia chaki. Kwa kila kibendera alikata vipande viwili, akaviweka uso kwa uso, akavipiga bandi, akashona pande mbili na kuacha upande wa juu wazi. Akapunguza ncha kwa mkasi, akakigeuza, akakipiga pasi ya mkaa. Cha kwanza kilikwenda upande. Cha tano kilinyoka. Cha kumi na kimoja bibi alikivuta kwa nguvu, kisiachie.

Ndipo akaitwaa khanga. Akaikunja mara mbili, akapima mara tatu, akakata. Usiku ule alishona mshono mmoja mmoja karibu na taa, wala bibi hakusema neno. Alipomaliza, bibi akakipokea kibendera, akakivuta. Mshono ukashika.

"Mama yako alilima pamba," bibi akasema, "na khanga hii aliivaa siku za sikukuu tu."

Ikabaki hesabu ya utepe. Vibendera 12 vya sentimeta 20 ni sentimeta 240, nafasi 11 za sentimeta 5 kati yake ni 55, jumla 295. Akakata utepe wa mita 4, akabakiwa na zaidi ya nusu mita kila upande ya kufungia.

Siku ya maonyesho utepe ule ulitundikwa mlangoni. Upepo ukavuma, vibendera vikapepea, hata kimoja kisifumuke. Wageni walisifu rangi zake. Bibi alisimama chini ya kile cha kumi na mbili, akakitazama kwa muda mrefu.

Enyi wanafunzi, khanga ile ilifichwa kwa mapenzi, na panya wakaila sandukuni. Kipande kilichobaki kilitaka mkono uliokwisha kujifunza. Msione haya kufumua kazi mbaya na kuianza tena. Hamjui ni kitu gani cha thamani mtakachokabidhiwa kesho.