Misindano ya Makete na Daftari la Nyumbani



Anayepita Keko hahitaji kuambiwa amefika. Harufu ya mbao iliyorandwa humpokea kabla hajaona vitanda, makabati na fremu za makochi zilizopangwa kando ya barabara. Wengi wetu katika parokia hii tunaishi kwa mbao: wapo maseremala, wapo wauzaji, wapo wapaka vanishi, na wapo vijana wa mikokoteni. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba baadhi yetu ni wenye miti pia. Familia zenye asili ya Njombe, Makete, Ludewa na Mufindi zina mashamba huko, na tangu miaka ya 2000 biashara ya mbao imewavuta hata wasio wenyeji. Si ajabu leo kumkuta fundi wa Keko mwenye ekari tano au kumi za misindano, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa alipo na randa yake. Juma hili tumeona vema tuyatafakari mashamba hayo.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu na karatasi ya dalali. Mumewe, seremala, alikuwa amelazwa kwa kiharusi na hakuweza kusema. Dalali alitaka kununua misindano yote ya ekari 12 ikiwa imesimama, kwa fedha taslimu, aikate mwenyewe. Miti ilikuwa na umri wa miaka 9. "Baba, niuze au nisiuze?" alituuliza. Tulipoanza kuulizana maswali madogo madogo, ikadhihirika kwamba hakuna aliyejua majibu: mpaka wa shamba unaishia wapi, mlinzi analipwa kiasi gani, kama shemeji aliyesaidia kupanda ana fungu lake, na hati ya mauziano imewekwa wapi. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa mgonjwa.

Mama aliuza. Hatukumzuia, na hata sasa hatuoni kwamba alikosea, maana mtu aliye kitandani hawezi kungojea msindano unenepe. Lakini ekari zile zote 12 zilipandwa katika msimu mmoja kwa matumaini ya kuvunwa kwa siku moja, na katika matumaini hayo hapakuwekwa nafasi ya ugonjwa, wala ya ada, wala ya msiba.

Mafundi wetu wanajua kilichopotea. Mbao ya mti mchanga hupinda ikikauka, misumari hulegea, na kama matawi hayakupogolewa mapema, kila futi ina vifundo. Katika mashamba ya Serikali msindano hungojewa takriban miaka 18 hadi 25. Wala si suala la ubora tu. Gogo ambalo kipenyo chake kimeongezeka maradufu, kwa urefu uleule, lina ujazo mara 4 ya ule wa awali. Kwa hiyo anayekata mapema huacha shambani sehemu kubwa ya kile alichokitazamia, na mnunuzi anayejua hesabu hiyo hatamkumbusha.

Wapo watakaosema kwamba heri fedha ya leo: bei ya kesho haijulikani, moto unaweza kuja, na aliyekata akiwa na miaka 9 anaweza kupanda tena. Hoja hiyo si ya kijinga. Tunayemhurumia ni yule anayekata kwa sababu hana njia nyingine, kisha akakosa hata fedha ya miche ya kupandia upya.

Kwa hakika, tatizo hili haliwapati wadogo peke yao. Shamba la Sao Hill huko Mufindi, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali yetu, lilianza kwa majaribio mwaka 1939, lakini sehemu kubwa ilipandwa katika miaka ya 1970 na 1980. Miti iliyopandwa kwa pamoja hukomaa kwa pamoja, na ikishavunwa huja miaka ya kungoja. Huko Ulaya nako, mwaka 1713, msimamizi wa migodi ya Saxony nchini Ujerumani, Hans Carl von Carlowitz, aliandika kitabu kizima kwa sababu migodi ilikuwa ikimaliza kuni na nguzo. Ushauri wake ni ule ambao bibi zetu waliufuata ghalani: usitoe kwa mwaka kuliko kinachoingia.

Je, mwenye ekari 10 afanyeje? Tuseme amezigawa mafungu matano ya ekari mbili mbili, akapanda fungu moja kila baada ya miaka 4. Fungu la kwanza likitimiza miaka 20, la pili lina 16, la tatu 12, la nne 8, na la tano 4. Tangu hapo, kila miaka 4 lipo fungu lililokomaa, na likivunwa hupandwa mara moja. Ugumu uko katika ile miaka 20 ya mwanzo, na hapo tusidanganyane. Ndiyo maana wengine hutenga fungu moja la milingoti, yaani mikaratusi, ambayo hutoa mirunda ya ujenzi mapema, kisha huchipua tena kwenye kisiki. Msindano hauchipui. Ila milingoti isisogezwe kwenye maji, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kutoka kingo za mito na maziwa, na majirani wa bondeni wanakunywa maji hayo.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja hubeba miche kama 450. Haifai yote ifike mwisho: iliyopinda na iliyodumaa hupunguzwa ili inayobaki inenepe. Kazi hiyo na ile ya kupogoa zina miaka yake, na zina gharama ambayo haina budi kutengwa tangu mwanzo. Kisha kuna moto. Wengi wetu huenda nyumbani Krismasi, na huo ni wakati mwema wa kupanda. Lakini barabara za moto husafishwa mvua zinapokwisha, Mei na Juni, wakati sisi tuko Keko. Tena tumesikia mara nyingi kwamba shamba la mwenyeji huzimwa na kijiji kizima, na la "tajiri wa Dar" hutazamwa likiteketea. Mtu ambaye hajawahi kumjulia hali jirani wa shamba lake asishangae. Vyama vya wakulima wa miti vijijini, ambavyo Programu ya Panda Miti Kibiashara ya Tanzania na Finland ilivisaidia kuanzia mwaka 2014, vina faida kubwa hapo, na aliye mbali angejiunga.

Seminari tuliyosomea ilikuwa na shamba la milingoti na daftari lenye jalada gumu. Kila kitalu kilikuwa na ukurasa wake: mwaka wa kupandwa, mwaka wa kupogolewa, kilichouzwa na fedha ilikokwenda. Walezi walihamishwa, wengine wakafariki dunia, na daftari likaendelea. Wavulana walioipanda miti ile hawakuivuna. Kwa nyumba nyingi zetu kurasa nne zingetosha: ramani iliyochorwa kwa mkono, umri wa kila fungu, jina la mlinzi na la jirani wa kila upande, na makubaliano ya wanandoa kwamba likitokea la kutokea fungu lipi litauzwa kwanza na lipi halitaguswa. Nakala ya hati ikae humo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaitambua misitu ya watu binafsi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati miliki ya kimila, ambayo majina ya mke na mume yanaweza kuandikwa pamoja. Tungependa kuona majina hayo mawili.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, wenye mashamba ya miti tutakutana ukumbini. Kila mmoja aje na daftari jipya, kalamu, na mwenzi wake wa ndoa. Swali la kwanza, mpaka wa shamba uko wapi, tutamwuliza yule ambaye hakulinunua.