Doa la Zambarau

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, baba alinunua televisheni ya rangi iliyokwisha kutumika. Lilikuwa sanduku zito lenye kisogo kirefu, hata watu wawili walilibeba kwa shida. Kila jioni majirani walikuja kutazama, na baba aliona fahari ingawa hakusema neno.

Siku moja nilibaki nyumbani na mdogo wangu wa miaka minne. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Niliisogeza karibu na kioo, na lo! picha ikapinda, rangi zikatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Nilifurahi mno. Walakini nilipoiondoa sumaku, doa la zambarau likabaki pembeni mwa kioo. Nilifuta kwa kitambaa, lisitoke.

Baba aliporudi aliuliza ni nani aliyeharibu. Nilinyamaza. Mdogo wangu alikutwa ameshika sumaku ile, naye hakujua kujitetea. Akachapwa fimbo mbili.

Siku ya tatu akaja fundi. Alituambia kwamba picha zote zile hufanywa kwa rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Shingoni mwa chupa ya kioo hutoka miale mitatu ya elektroni, kila mmoja na rangi yake. Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu maelfu kwa maelfu. Kila mwale hupenya kwa pembe yake, ukaangukia rangi yake peke yake. Bati likishikwa na nguvu ya sumaku, mwale hupotoka.

"Doa hili," akasema, "ni mwale uliopiga rangi isiyo yake."

Maneno hayo yalinichoma moyo, kwani fimbo ya baba nayo ilimpiga mtu asiye wake. Papo hapo nikakiri. Baba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita mdogo wangu, akamwomba radhi mbele yetu sote. Mimi hakunipiga, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Fundi akaunganisha na umeme duara kubwa la waya, akalizungusha polepole mbele ya kioo huku akirudi nyuma. Doa likafifia, likatoweka.

Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, nilisoma kwamba mwaka 1954 kampuni ya RCA ya Marekani iliuza televisheni ya rangi iliyoitwa CT-100, kwa bei ya dola 1,000. Nayo ilikuwa na miale mitatu na bati la matundu, kama ile ya baba. Wengine wangalifikiri habari za ufundi. Mimi nilimkumbuka mtoto mdogo aliyelia mlangoni, sumaku ingali mkononi mwake.