Vifo Viwili vya Don Quijote



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kitanda kimoja cha mgonjwa. Kitanda hicho kimo katika riwaya ya Kihispania yenye umri wa zaidi ya miaka mia nne, na kimo pia katika filamu ya nyimbo iliyotokana na riwaya hiyo. Alalaye juu yake ni mtu yule yule, lakini kifo chake katika kitabu si kifo chake katika filamu. Tumeona vema tuvilinganishe vifo hivyo viwili, kwa maana tofauti yake si ya wasanii peke yao. Yatuhusu sote tutakaoketi siku moja kando ya mpendwa anayetuaga.

Kitabu chenyewe ni “Don Quijote” cha Miguel de Cervantes. Sehemu yake ya kwanza ilitoka Madrid mwaka 1605, na ya pili mwaka 1615. Chasimulia habari za mwungwana wa kijijini, umri wake ukikaribia miaka hamsini, aliyesoma hadithi za mashujaa wapanda farasi hata akili ikamruka. Akajivika silaha kuukuu za mababu, akampanda farasi wake aliyekonda, akamchukua mkulima Sancho Panza awe mtumishi wake, akatoka kwenda kuwatetea wanyonge. Hata wasiokisoma kitabu hiki wamesikia jinsi alivyovishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu.

Filamu yaitwa “Man of La Mancha”, nayo ilitoka mwaka 1972. Asili yake ni mchezo wa televisheni ulioandikwa na Mmarekani Dale Wasserman mwaka 1959, ambao baadaye uligeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, muziki ukitungwa na Mitch Leigh na maneno na Joe Darion. Mchezo huo ulipokelewa New York mwaka 1965 kwa shangwe kubwa, ukaonyeshwa mara zaidi ya 2,300. Filamu, iliyoongozwa na Arthur Hiller, haikupata bahati hiyo kwa wahakiki. Peter O'Toole aliigiza kama Cervantes na kama Don Quijote pia, ingawa sauti iimbayo si yake; Sophia Loren alikuwa Aldonza, na James Coco akawa Sancho.

Haifai kuilaumu filamu kwa sababu imeacha mambo mengi. Kitabu kina sura 126. Filamu ina saa mbili na ushei. Yatupasa tuulize imechagua nini, na kwa nini.

Kwanza, imechagua kumwingiza mwandishi mwenyewe katika hadithi. Cervantes wa filamu yumo gerezani akingoja kuitwa na mahakama ya kuchunguza uzushi. Wafungwa wenzake wanamfanyia kesi yao wenyewe na kutaka kuuteketeza mswada wake. Naye anajitetea kwa kuwaigizia hadithi ya Don Quijote. Historia yasema vingine kidogo. Ni kweli kwamba Cervantes alitengwa na Kanisa mwaka 1587, alipotwaa nafaka za Kanisa kwa ajili ya jeshi la majini la mfalme. Ni kweli pia kwamba alifungwa Sevilla mwaka 1597, lakini kwa sababu ya hesabu za kodi. Tena dibaji ya kitabu chake yadokeza kwamba hadithi hii ilichukuliwa mimba gerezani. Filamu imeyasuka hayo pamoja ili kutuambia jambo moja: ndoto ni silaha ya mfungwa.

Nasi twakubali kwamba mtu huyu alikujua kifungo. Mkono wake wa kushoto ulilemazwa katika vita vya Lepanto mwaka 1571. Mwaka 1575 alitekwa baharini na maharamia, akakaa miaka mitano mateka Algiers, akajaribu kutoroka mara kadhaa bila kufaulu, mpaka watawa wa Utatu Mtakatifu walipomkomboa kwa fedha mwaka 1580. Mtu aliyepitia hayo angeweza kuandika kitabu cha uchungu. Yeye aliandika kitabu cha kuchekesha, na kicheko chake hakina chuki.

Pili, filamu imemchagua Aldonza. Hapa, kwa maoni yetu, imefanya jambo jema. Katika kitabu, Aldonza Lorenzo ni msichana wa mashambani ambaye Don Quijote amempa jina la Dulcinea na kumfanya malkia wa moyo wake. Lakini sisi wasomaji hatumwoni hata mara moja. Filamu imemwunganisha na Maritornes, mtumishi wa nyumba ya wageni asiyeheshimiwa na mtu, ambaye katika kitabu anamnunulia Sancho divai kwa fedha yake mwenyewe baada ya wahuni kumrusharusha hewani kwa blanketi. Mwanamke huyu wa filamu, aliyezoea kuitwa kwa matusi, anaitwa ghafula bibi mtukufu. Kwanza anacheka. Kisha anakasirika. Kisha anaanza kuliamini jina hilo, na hapo ndipo maumivu yake yanapoanza. Don Quijote anamfundisha kwamba ni wajibu kuwahudumia maadui walioshindwa. Anakwenda kuwafunga vidonda waongoza nyumbu, nao wanamtendea unyama na kumbeba.

Wako wasemao kwamba filamu imemgeuza Don Quijote kuwa shujaa mtupu, na kwamba imesahau hasara ya ndoto zake. Sisi hatuoni hivyo. Katika kitabu yumo mvulana aitwaye Andrés, afungwaye mtini na kupigwa na bwana wake. Don Quijote anamwamuru bwana amfungue, anaamini ahadi yake, kisha anakwenda zake akijisifu. Mara anapotoweka, mvulana anafungwa tena na kupigwa karibu ya kufa. Wanapokutana baadaye, Andrés anamsihi asimsaidie tena kamwe, hata akimwona akikatwa vipande. Filamu haina Andrés, lakini Aldonza aliyejeruhiwa amesimama mahali pake. Naye anamwambia yule mzee usoni kwamba kati ya wote waliomdhulumu, yeye aliyemwonyesha mbingu ndiye mkatili kuliko wote. Hapo filamu na kitabu vimeshikana mikono.

Vinaachana kitandani.

Katika filamu, daktari Carrasco anamjia Don Quijote na vioo, anamlazimisha ajitazame na kuona mzee mpumbavu, naye anaanguka. Amelala nyumbani, akili imemrudia, hakumbuki kitu. Aldonza anaingia kwa nguvu, anapiga magoti, anamsihi amkumbuke, anamrudishia maneno yake mwenyewe juu ya ndoto isiyowezekana. Mzee anainuka, anaitisha upanga, anaimba, anaanguka na kufa akiwa Don Quijote. Padre anaimba kwa Kilatini Zaburi ya 130. Sancho analia, na Aldonza anasema kwamba jina lake ni Dulcinea. Ni vigumu kulitazama hilo kwa macho makavu.

Katika kitabu, Don Quijote anashindwa kwa mkuki katika pwani ya Barcelona, anarudi kijijini, anashikwa na homa siku sita. Analala usingizi wa saa zaidi ya sita. Anapoamka anamshukuru Mungu kwa sauti kuu, kwa kuwa akili yake imekuwa huru. Anasema yeye si Don Quijote tena bali ni Alonso Quijano, ambaye watu walimwita Mwema. Anaomba padre wa kumwungamisha na mwandishi wa kuandika wosia.

Wanaomzunguka hawataki! Carrasco, ambaye katika kitabu ni kijana msomi aliyefanya kila hila kumrudisha mzee nyumbani, sasa anamwambia aache maneno hayo, kwani habari zimefika kwamba Dulcinea amefunguliwa kutoka katika uchawi. Sancho, machozi yakimtiririka, anamsihi asife, waende mashambani wamevaa kama wachungaji, huenda nyuma ya kichaka wakamkuta Dulcinea. Na kama anakufa kwa huzuni ya kushindwa, basi lawama iwe juu ya Sancho aliyefunga vibaya mkanda wa tandiko.

Ndugu msomaji, tazama vema. Aldonza wa filamu anamwomba mzee jambo lile lile ambalo Sancho wa kitabu alimwomba. Filamu imelikubali ombi hilo, bali Cervantes alilikataa. Hata alipopenda kuliko wote kuona Sancho akifarijiwa, hakumruhusu Alonso Quijano afe katika mchezo ili wengine wapate faraja.

Wataalamu watatuambia kwamba alikuwa na sababu nyingine: mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda alichapisha mwendelezo wa bandia, na Cervantes alitaka kumzika shujaa wake mahali ambapo hakuna mwizi atakayemfufua. Ni kweli. Lakini sababu hiyo ingetosheleza kifo cha namna yoyote. Haielezi kwa nini mgonjwa anamwomba Sancho msamaha kwa kumwingiza katika wazimu wake, wala kwa nini anahesabu deni la mjakazi wa nyumba na kuagiza alipwe ujira wake wote pamoja na fedha ya nguo. Hayo ni mambo ya mtu anayetaka kuondoka hali mikono yake i safi.

Sisi mapadre huitwa kwenye vitanda vya namna hiyo, mara nyingi usiku. Twajua jinsi Sancho anavyosema. Husema, “Mzee, utapona, masika haya tutalima pamoja.” Husema hivyo kwa upendo wa kweli. Mgonjwa akianza kutaja kiwanja, au deni, au mtoto ambaye familia haimjui, hunyamazishwa: “Usiseme hivyo, utajiletea mkosi.” Nje mlangoji tumeambiwa mara nyingi tusimwambie lolote la kumshtua. Na mgonjwa, kwa kuwahurumia, anakubali kuendelea kuigiza. Anakufa na maneno yake kifuani, kisha matanga hayajaisha ndugu wamekwisha kugombana.

Hatusemi kwamba matumaini ni uongo. Neno la heshima kwa mtu aliyedharauliwa laweza kumwinua, kama lilivyomwinua Aldonza, na heri yule alitamkaye. Lakini ndoto ni ya kumpa mtu nguvu ya kuishi; isigeuzwe kuwa shuka la kumfunika uso kabla hajafa. Filamu yaipenda ndoto, ikahofu kwamba bila ndoto mtu huyu atabaki si kitu. Kitabu kinampenda mtu. Mwandishi anatwambia wazi, katika sura ile ile ya mwisho, kwamba alipokuwa Alonso Quijano na alipokuwa Don Quijote, siku zote alikuwa mpole na mwenye kupendeza, hata wote waliomjua wakampenda. Wema haukutoka katika silaha kuukuu. Ulikuwamo tangu mwanzo, na silaha zilipovuliwa haukupungua.

Tena Cervantes hatupambii msiba. Atwambia kwamba katika siku tatu zile kabla ya kifo, mpwa wake aliendelea kula, mtunza nyumba aliendelea kunywa, na Sancho naye alichangamka kidogo, kwa sababu kurithi kitu hupunguza huzuni. Tunacheka, kwa kuwa tumewahi kuyaona.

Kwa hiyo, mwenye nafasi na aitazame filamu, asikilize nyimbo zake, na asione haya kulia. Kisha atafute kitabu, asome sura ya mwisho polepole. Na atakapoitwa kuketi kando ya kitanda cha mtu wake, mzee akasema, “Niitieni padre, niitieni na mwandishi,” asimjibu habari za masika. Amshike mkono, amwite kwa jina lake, amwache aseme.