Imekufa, Imelala, au Imeishiwa Moto?

Naomba leo tujadili vitenzi vitatu nilivyovisikia juu ya kitu kimoja, tena katika asubuhi moja. Kitu chenyewe ni betri ya gari.

Tangu nistaafu ualimu wa sekondari, gari langu hukaa chini ya mkorosho hapa Nanyamba siku kumi, wakati mwingine ishirini, bila kuguswa. Hata hivyo si pambo. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wangu, nasi huteremka kwenda Mtwara mjini. Ndiyo maana siku nilipozungusha ufunguo na gari likajibu "tk, tk, tk" kisha likanyamaza, majirani walikuja mmoja mmoja kama wanaokuja kumjulia hali mgonjwa.

Wa kwanza akasema, "Shikamoo Mwalimu. Betri imekufa hiyo, nunua nyingine." Wa pili akapinga: "Imelala tu, tuishtue." Wa tatu, kijana fundi umeme wa magari, akauliza kwanza gari limekaa siku ngapi, ndipo akasema, "Imeishiwa moto, Mwalimu. Tuipime."

Vitenzi hivi si visawe. "Kufa" hufunga mjadala na kufungua pochi, na pochi ya mstaafu haifunguliwi ovyo. "Kulala" huahidi kuamka, hata kama hakuna aliyechunguza kilicholaza. "Kuishiwa" huacha swali wazi: kilichokuwamo kimekwenda wapi, na je, chaweza kurudi?

Jibu limo ndani ya betri yenyewe. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Humo mna bamba za risasi zilizozama katika tindikali ya salfa, mpango alioubuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Betri inapotoa umeme, salfa hutoka kwenye tindikali na kuganda juu ya bamba; inapochajiwa, hurudi ilikotoka. Wakulima wetu wanaijua salfa, kwani ndiyo wanayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga. Lakini katika betri iliyoachwa bila moto kwa muda mrefu, mgando ule hugeuka fuwele ngumu zisizokubali kurudi. Hapo ndipo kuishiwa kunapokuwa kufa. Gari lililoegeshwa nalo halitulii kabisa: saa na king'ora hula moto kidogo kidogo, na joto huzidisha upotevu.

Kipimo cha fundi kilisoma volti 11.9. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, na 12.2 ni nusu hivi. Akaichukua akaichaji polepole usiku kucha. Usiku ule niliwaarifu jirani wawili ambao wake zao walikuwa wamekaribia siku zao, wazungumze mapema na mwenye bodaboda. Sikulala vizuri. Asubuhi, betri ikiwa imeshapumzika, kipimo kilisoma 12.5, na gari likawaka kwa mara ya kwanza.

Fundi aliniachia masharti machache. Gari litembee angalau nusu saa kila juma, kwani kuliwasha na kulizima palepale hutumia moto mwingi kuliko unaorudi. Likikaa muda mrefu, waya wa hasi uchomolewe. Huo ndio hutangulia kutoka na huwa wa mwisho kurudi, ili spana isigonge bodi na kurusha cheche. Ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri usafishwe kwa maji ya moto na magadi, kisha vipakwe grisi.

Nimeyawaza haya kwa jicho la mwalimu wa lugha. Neno "betri" limetujia kutoka Kiingereza, na huko lilihusu kwanza safu ya mizinga ya vita. Benjamin Franklin ndiye aliyelihamishia kwenye umeme katika karne ya 18. Nasi, bila kukusudia, ndani ya mizinga hiyo tumeweka "risasi", neno letu lenye asili ya Kiarabu, la madini na la kile kitokacho kwenye bunduki. Lakini kwa nguvu yenyewe, watu wa mtaani hawakukopa. Wamesema "moto", neno la jikoni la Kibantu, na kila mtu akaelewa.

Kwa washairi nina neno moja. Ninyi hamsemi ubeti umepungua mpaka muhesabu mizani. Kijana yule naye alipima kabla ya kuchagua kitenzi, na kitenzi alichochagua kiliniokolea bei ya betri mpya. Tuwafundishe watoto kwamba usahihi wa namna hii si wa vitabuni pekee. Upo gereji, umevaa ovaroli.

Huko kwenu Lamu, Unguja, Kigoma au Bukavu, betri ikigoma husemaje? Niandikieni; nakusanya.